Niuze Noah ninunue Prius Alpha? Jibu kwa msomaji wa Kigoma

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Mwanga, Kigoma. Nyumbani tuko sita: mimi, mke wangu na watoto wanne. Natumia Noah ya zamani ya cc 2000. Asubuhi napeleka watoto shule, nateremka kazini karibu na stesheni, jioni naenda Ujiji kumchukua mama watoto dukani. Odometa inasoma kilomita 28 kwa siku, siku 26 za mwezi. Mara mbili kwa mwezi naenda Kasulu kumwona mama, na sirudi mikono mitupu: maharage, ndizi, wakati mwingine dumu mbili za mawese. Noah inanipa kilomita 8 kwa lita hapa mjini na 11 nikienda safari. Nimepata Prius Alpha ya viti saba, ya mwaka 2012, iko Dar. Muuzaji anasema lita moja inakwenda kilomita 26. Jirani anasema betri ikifa nitabaki na kopo. Halafu umeme wetu unaujua, nitachaji wapi? Nishauri.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hapa Tabora hawafanyi: umekuja na hesabu za gari lako mwenyewe. Kwa hiyo nami nitakujibu kwa hesabu.

Nianze na hilo la kuchaji, maana ni fupi. Huchaji popote. Haibridi ya aina hii, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme, haina hata tundu la kuchomeka waya wa TANESCO. Umeme wake unatokana na petroli unayoweka wewe na mwendo ambao ungepotea kwenye breki. Wengi hudhani ni gari la umeme lenye injini ya akiba, kumbe ni kinyume. Betri ya Alpha ya viti saba, ikijaa kabisa, inabeba kama yuniti moja ya LUKU. Yuniti moja tu, na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Inaizungusha katikati, isijae pomoni wala isiishe. Lita moja ya petroli ina karibu yuniti 9 ndani yake. Injini ya gari hili hata ikifanya kazi vizuri kuliko siku zote haichukui zaidi ya asilimia 38 au 39 ya hizo, nyingine zinatoka kama joto. Kwa hiyo hata ukiipigia hesabu ya ukarimu, umeme unaotumika kwenye betri hauzidi kazi ya robo lita ya mafuta. Betri ni pochi ya chenji. Inaokota senti zinazodondoka na kukurudishia pale unapozihitaji.

Ukishalielewa hilo, swali lako linageuka. Usiulize gari linakula kiasi gani, uliza barabara zako zinadondosha senti ngapi.

Dar senti ziko kwenye foleni. Gari linasimama, injini inazima, linasogea kwa umeme, linasimama tena. Kigoma hakuna foleni ya kuitwa foleni, labda siku meli imeingia. Ila mna kitu ambacho sisi Tabora hatuna, maana huku kumelala kama sahani: mna milima. Fikiria asubuhi yako. Unatoka Mwanga, unateremka kuelekea stesheni. Ukiachia tu mguu, kwenye skrini mshale unageuka, unatoka kwenye matairi kuingia kwenye betri, na injini, ikishapata joto, imenyamaza kabisa. Unachosikia ni matairi na watoto wakigombana nyuma. Mbele kuna tuta, unakanyaga breki taratibu, mshale unaendelea. Bodaboda anakukatia, unakanyaga tena, vipimo vya betri vinapanda. Kwenye Noah yote hayo yalikuwa joto kwenye pedi. Jioni unapopanda kurudi, ile chenji inatoka kusaidia injini.

Ina mpaka lakini. Alpha ikiwa na familia ndani inafika kilo 1,700 hivi. Ikishuka mita 100 za kwenda chini, uzito huo peke yake unatoa karibu nusu yuniti ya umeme. Nyingine inapotea njiani, lakini utaona kwamba mteremko mrefu unaijaza ile pochi mapema kuliko unavyodhani. Siku ukitoka Manyovu kushuka Mwandiga, betri itajaa kabla hujafika nusu ya mteremko, na hapo gari litaacha kukusanya umeme. Injini itaanza kuzunguka kwa kelele bila wewe kukanyaga mafuta. Usishtuke na usirudi gereji. Weka gia kwenye B, ambayo watu huidhani ni ya mbio, kumbe ni ya mteremko: injini inashika gari ili breki zisichemke. Kwenye tambarare irudishe D. Nimewahi kumpokea mtu aliyetoka Nzega hadi hapa akiwa kwenye B, analalamika gari linakunywa kuliko alivyoambiwa.

Na kupanda? Injini ya 1.8 ina nguvu farasi 99, ikisaidiwa na mota zinafika 136. Kwa kupanda barabara ya Lumumba hutajua tofauti, pengine utaona inachomoka vizuri kuliko Noah, maana mota ya umeme haingoji mzunguko wa injini. Ila kwenye mlima mrefu, mmejaa sita na gunia nyuma, chenji inaisha na unabaki na injini peke yake ikivuta. Itafika, lakini itanguruma, na kwa sababu haina gia za kubadilisha utasikia sauti moja tu ya juu mpaka kileleni. Baadhi ya watu haiwapi raha. Mimi nimeizoea.

Sasa mafuta. Zile kilomita 26 za muuzaji si uongo mtupu, ni namba ya kipimo cha Japani, kipimo kinachofanywa ndani ya chumba, gari likiwa juu ya mitambo, dereva mpole kuliko sisi sote. Wamarekani walipolipima gari hilohilo la viti vitano, ambalo kwao linaitwa Prius V, walipata kama kilomita 18.7 kwa lita mjini na 17 barabara kuu. Tazama vizuri hizo namba mbili. Mjini ni bora kuliko safari. Kwenye Noah yako ni kinyume, 8 na 11. Ndiyo maana mtu anayekaa barabarani siku nzima kwa mwendo wa 90 hanufaiki sana na haibridi, ilhali mwenye mizunguko ya mjini ananufaika.

Lakini nawe una tatizo lako dogo: safari zako ni fupi fupi. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaiwasha hata kama betri imejaa, ili ipashe joto ule mfumo wa kusafishia moshi. Dakika hizo za kwanza zinakula. Mtu anayewasha, anakwenda kilomita mbili, anazima, anaacha gari saa nne, anawasha tena, haoni zile 18. Afadhali Kigoma kuna joto, injini haipoi kama ya Mbeya. Basi mimi nakuwekea 15 mjini na 16 safari ya Kasulu, na nimebana makusudi.

Mjini unatembea kilomita 728 kwa mwezi. Noah: lita 91. Alpha: lita 49. Kasulu mara mbili, kwenda na kurudi, tuseme kilomita 400. Noah: lita 36. Alpha: lita 25. Jumla 127 dhidi ya 74. Unaokoa lita 53 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya Kigoma mjini, siyo ya Dar, maana bei elekezi yenu ina nauli ya lori ndani yake. Hiyo ndiyo faida yako, na sitaibeza: kwa mwaka ni zaidi ya lita 600. Ukilipata gari usiamini skrini pia. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, ziro odometa ndogo, tembea wiki mbili, rudi kwenye pampu ileile, jaza mpaka ijikate, gawanya kilomita kwa lita. Fanya mara tatu. Mara moja haitoshi.

Nimemaliza habari njema. Nije kwenye kinachoniletea magari haya gereji, na mafuta hayamo.

La kwanza ni vumbi. Betri ya haibridi inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, hewa unayovuta wewe. Kuna feni inayoivuta kupitia tundu lenye kichujio au wavu. Kwenye Alpha ya viti vitano betri iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na tundu liko pembeni mwa kiti cha nyuma. Kwenye hiyo yako ya viti saba betri iko katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kile kisanduku unachoegemeza kiwiko. Japani lile tundu linaweza kukaa miaka bila shida. Kwetu, mwezi wa 8 na wa 9, vioo wazi, barabara ya vumbi jekundu, feni inakuwa kama mkeka. Hewa haipiti, betri inachemka, na joto ndilo linaloua betri hizi kuliko umri.

Aliwahi kuniletea gari bwana mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku. Taa zimewaka zote, fundi mwingine amekwishamwambia atafute betri mpya. Nikaskani, kosa lililokuwa likijirudia ni la feni ya betri. Nikatoa viti, nikafungua feni: mapanga yake hayaonekani, yamezibwa na vumbi limechanganyika na unga wa majani makavu ya tumbaku. Alikuwa akibeba sampuli kwenye kiti cha nyuma. Brashi ya meno, hewa ya kompresa kwa mbali, saa mbili, gari likaondoka. Betri ilikuwa nzima. Kwako wewe tumbaku hakuna, lakini kuna dagaa, kuna gunia la maharage, kuna khanga na mabegi ya shule. Chochote kinachofunika tundu hilo kinaikaba betri pumzi. Na yale mawese, tafadhali, dumu zifunge na uziweke ndani ya beseni. Mawese yakimwagika ndani ya gari lenye betri kubwa na nyaya sakafuni, sitaki kuwa mimi nitakayelifungua. Kwa Kigoma ningesafisha feni kila baada ya miezi sita, na ningependa AC itembee vioo vimefungwa kwenye vumbi hata kama inakula kidogo. AC ya gari hili inaendeshwa kwa umeme, haina mkanda, kwa hiyo ukisimama injini imezima bado inapoza.

La pili ni tumbo la gari. Alpha iko sentimita 14 na kitu kutoka ardhini ikiwa tupu. Ipakie sita na mzigo, inashuka zaidi. Lami ya Kasulu hainitishi. Kinachonitisha ni zile kilomita za mwisho kutoka lami mpaka kwa mama, ambazo hukuniandikia. Kama ni njia ya makorongo yanayochimbwa na mvua za masika, Noah yako inajua kitu ambacho Alpha haijui. Watu huinua kwa kuweka springi ndefu au vipande vya raba; kidogo inasaidia, ukizidisha ekseli za mbele zinalia.

Sasa betri yenyewe, ile aliyoisema jirani yako. Hajakosea sana kwa gari unalotaka kununua, ingawa angekosea kwa lile la viti vitano. Sikiliza tofauti. Lile la viti vitano lina betri ya nikeli, iliyopangwa vipande 28, jamii ileile ya Prius ya mwaka 2009 na kuendelea. Vipande hivyo vinapatikana, mafundi wanavijua, kimoja kikifa unaweza kukibadilisha. Si dawa ya kudumu, wenzake nao ni wazee, lakini gari linatembea. La viti saba lina betri ya lithiamu, seli 56, nyepesi na nzuri, ila magari yake ni machache, vipuri vyake ni vichache, na si kila fundi anayejua ya nikeli ataigusa. Gari la 2012 lina miaka zaidi ya kumi. Ikifa ukiwa Kigoma, itabidi isakwe Dar au iagizwe nje, na wewe unasubiri.

Halafu fikiria hicho kiti cha tatu. Ni cha watoto, tena watoto wasio warefu, na kikisimama buti linabaki la kuweka mkungu mmoja wa ndizi. Mko sita. Kiti cha tatu kitatumika kila siku, na kila safari ya Kasulu mtagombana na maharage.

Ukiniuliza mimi, kama njia ya kwa mama ni nzuri na mzigo unaweza kupunguzwa, haibridi itakulipa. Lakini hiyo ya viti saba ya 2012 nisingeikimbilia bila kuipima kwanza mpaka ndani. Kama bajeti inaweza kupanda, ipo Noah ya haibridi, iliyoanza kutoka 2014, injini 1.8 ya familia hiyohiyo, nafasi unayoijua, na tumbo liko juu kidogo. Ni ghali zaidi, na kodi yake ipige kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujampa mtu senti. Kama bajeti haipandi, kaa na Noah yako mwaka mmoja, tia pesa kwenye plagi, kichujio cha hewa na matairi yenye upepo sahihi. Kilomita 8 kwa lita zinaweza kuwa 9 bila kuuza kitu.

Ukishikilia Alpha hiyo, tuma fundi wa Dar anayejua haibridi, mlipe posho yake, usimtegemee wa muuzaji. Akalikute gari limelala, injini baridi, hilo ni sharti. Awashe na asikilize. Injini ikitetemeka kama ina malaria kwa nusu dakika kisha ikatulia, na kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inapungua bila kuvuja chini, huyo ni ugonjwa wa gasketi ya silinda hedi, ambao injini hizi huupata njia ya kurudishia moshi ikiziba masizi. Aondoke. Kisha afungue mlango, gari liko tayari, asikanyage chochote. Ile pampu ya breki inalia krrr mara mojamoja, ni kawaida. Ikilia kila baada ya sekunde chache bila breki kuguswa, mfumo wa breki unachoka, na bei yake haipishani sana na ya betri. Aunganishe skana aende barabarani, akanyage mafuta mpaka chini kwenye mlima wa kutosha huku akitazama volti za seli. Zikishuka zote pamoja na kupanda zote pamoja, salama. Ikiwepo moja inayodondoka peke yake wenzake wamesimama, hiyo ndiyo itakayokulaza Uvinza. Na aangalie kama makosa yamefutwa asubuhi hiyo. Skana nzuri inaonyesha gari limetembea kilomita ngapi tangu yafutwe. Kilomita nne? Tunaelewana.

Aangalie pia betri ndogo ya volti 12. Iko nyuma, ndani ya gari, kwa hiyo inatakiwa iwe ile iliyozibwa yenye mpira wa kutolea hewa nje. Wengi huweka ya kawaida ya dukani kwa sababu ni rahisi, na mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, kabla sijaona kutu ya asidi kwenye nyaya za mteja wangu mwenyewe. Hiyo ndogo ndiyo inayowasha kompyuta. Ikichoka, gari zima linakuwa kama limekufa, taa zinawaka ovyo, na hapo ndipo watu huuziwa betri kubwa wasiyoihitaji. Ya kwanza kupima ni hiyo, kila mara.

Nyaya za rangi ya chungwa hakuna kugusa, mwambie na mwosha magari asipige maji ya presha kwenye boneti. Likiharibika njiani usikubali livutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini. Yakizunguka yanazungusha mota nayo inazalisha umeme. Linyanyuliwe mbele, au lipakiwe kwenye lori. Na usiruhusu petroli iishe ukiwa kati ya Kidahwe na Kasulu ukidhani umeme utakufikisha. Utatembea kilomita moja, labda mbili, kisha betri kubwa itaisha nayo, na gari hili halina stata ya kawaida: betri hiyo ndiyo inayozungusha injini. Hata ukiletewa dumu la mafuta halitawaka. Robo tanki ikifika, jaza.